Mkutano wa Viatu na Makufuli

Nilifikaje Mtondogoo si habari ya kuandika. Wapo wanaopenda kusimuliwa nauli, foleni na mizigo iliyopotea. Hao na watafute msafiri mwingine. Mimi nilisinzia nikiwa nimevaa koti, nikazinduka nikiwa mgeni, na mtu wa kwanza kuniona aliniuliza kama nimekuja kulala au kuuza.

Nikamwambia nimekuja kutembea. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa ambaye bado hajaambiwa, akaenda zake. Alikuwa amevaa kiatu kimoja tu.

Nchi yenyewe ni nzuri, siwezi kuidhulumu. Hewa yake ina rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Sauti haziendi kwa haraka. Mtu akikuita kutoka ng'ambo ya barabara, jina lako hukufikia taratibu, likiwa limeshapoa. Ndege wakichoka kuruka hupumzika hapohapo hewani, kisha huendelea. Mtaa niliofikia unaitwa Mteremko, na unateremka kweli: nyumba zimepangana kutoka kilimani hadi bondeni kama watu waliokaa kwenye ngazi wakisubiri kupigwa picha. Na kule chini kabisa kuna maji.

Maji hayo si kama mafuriko ya kwetu, yanayokuja kwa kelele na magodoro ya watu. Haya hupanda kutoka ardhini, safi, ya uvuguvugu, kama mgeni asiyetaka kuwaamsha wenyeji. Yungiyungi zimeota juu yake. Kila msimu wa ukungu yanapanda kidogo, na watu wa Mteremko wanaongeza kipandio kimoja mlangoni na kuendelea na maisha. Niliona nyumba ya vipandio kumi na tisa, vinane vikiwa chini ya maji, na samaki wadogo wakipanda na kushuka humo kama wapangaji.

Sababu ya maji kila mtu anaijua. Katikati ya mtaa kuna mtaro wa zamani, wenye kuvuta maji hata kutoka bondeni, na mdomo wa mtaro umezibwa na jiwe kubwa, pana kama kitanda, lililoanguka miaka kumi na tisa iliyopita. Likiinuliwa, maji yataondoka kabla chai haijapoa. Watu watano walinieleza hivyo, kila mmoja kwa wakati wake, kwa adabu, kama mtu anavyokuelekeza njia ya kwenda posta. Nikawauliza kwa nini basi halijainuliwa. Wote watano wakanipa jibu moja: kikao hakijafanyika.

Ilinibidi nikae siku kadhaa ndipo nikaelewa. Mteremko una mataifa mawili yanayoishi mahali pamoja bila kuishi pamoja. Wapo Walalao, wenye nyumba. Hao huondoka alfajiri kwenda kufanya kazi mitaa mingine, na hurudi jua linapoinama. Na wapo Wauzao, wenye maduka. Hao hulala mitaa mingine, hufika Walalao wakiwa wameshaondoka, na hufunga Walalao wakiwa wameshanunua cha jioni. Sheria ya mtaa inasema jambo lolote la wote liamuliwe na pande zote mbili katika kikao, na kikao kiwekwe saa inayowafaa wote. Jiwe lenyewe, kwa kiburi chake, liliangukia nusu mbele ya duka na nusu mbele ya nyumba. Kwa hiyo ni jambo la wote, na hakuna anayethubutu kuligusa hata kwa kidole.

Historia ya kuitafuta saa hiyo nilipewa na karani wa mtaa, Bwana Kitwana, mtu mwembamba, mpole, anayetembea na daftari la kumbukumbu limening'inia shingoni kwa ukanda. Hakuna neno lililohusu mtaa likatamkwa mbele yake asiliandike. Mkono ulikuwa umezoea, hata yeye mwenyewe akiwa anafikiria mambo mengine.

Alinieleza kwamba mwanzoni pande zote mbili zilikubaliana kikao kiwe jioni. Ugomvi ukaja kwenye jioni yenyewe. Walalao wakasema jioni huanza mtu anapovua viatu. Wauzao wakasema hapana, jioni huanza mteja wa mwisho anapotoka. Serikali ikaleta mtaalamu, Mpatanishi wa Saa, akapima vivuli kwa miaka miwili kwa fimbo na kamba. Ripoti yake ilikuwa nene kama tofali. Iligundua kwamba jioni ipo, ila si Mteremko.

Kisha wakajaribu vikao nusunusu. Wauzao wakae asubuhi waulize maswali, Walalao wakae jioni wayajibu. Ikaonekana ni busara kubwa. Lakini Walalao nao walikuwa na maswali yao, na makaratasi yakapishana njiani. Wauzao walikuwa wameuliza taa ya barabarani iwekwe wapi. Walalao walikuwa wameuliza yule mbuzi anayekula nguo zilizoanikwa afanywe nini. Majibu yakarudi, kila moja mahali pasipo pake, yakatekelezwa kwa uaminifu. Nilipelekwa kuona. Taa imefungwa kamba shingoni, imelala chini karibu na kigingi, inang'aa kwenye majani. Mbuzi yuko juu ya nguzo, kwenye kibao kidogo, anatafuna na kutazama mbali kama nahodha. Nikauliza kwa nini hashushwi. Karani akasema suala hilo ni la pili baada ya jiwe.

Ndipo wakafikia utaratibu wa sasa, ambao Karani anauonea fahari sana. Asiyeweza kuja kikaoni hutuma kitu chake kimwakilishe. Mlalaji hutuma kiatu cha kushoto, maana cha kulia kina kazi. Muuzaji hutuma kufuli la duka. Siku ya kikao na siku chache kabla yake, Walalao wote hutembea na kiatu kimoja na maduka yote hufungwa kwa uzi, na hakuna wizi unaotokea, kwa kuwa wezi nao ni wakazi na hawawezi kukimbia vizuri.

Bahati ikanijalia kukihudhuria kikao kimoja. Ukumbi ulikuwa umefagiliwa. Kushoto vilikaa viatu, kila kimoja kwenye kiti chake, visigino nyuma kwa heshima: ndara, raba, viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi, na kimoja cha mtoto mchanga ambaye wazazi wake walitaka azoee mapema. Kulia yalikaa makufuli, ya shaba na ya chuma, moja kubwa kama nazi. Karani alisimama, akavisalimia, akasoma ajenda. Ya kwanza, kuthibitisha kama saa hii inawafaa wote. Ya pili, jiwe. Ya tatu, mbuzi.

Akauliza swali la kwanza. Akangoja kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Nzi akatua juu ya kufuli, akaondoka. Karani akaandika: kikao kimeomba muda zaidi wa kutafakari. Akakiahirisha kwa siku arobaini, akawashukuru wajumbe kwa utulivu wao.

Nikacheka, nikamuuliza kama viatu vimewahi kutoa hoja. Akasema mara moja, mwaka wa sita, ndara ilianguka kutoka kitini, na ilichukua vikao viwili kuamua kama ilisimama kusema au ilitoka nje kwa hasira.

"Mwambie na uamuzi," ikasema sauti dirishani. "Waliamua ni upepo. Ndiyo hoja pekee iliyowahi kupita."

Aliyesema alikuwa mama wa makamo, mabega mapana, unga kwenye nyusi. Alikuwa amesimama nje, mikono juu ya kizingiti cha dirisha. Huyo ndiye Bi Mwantumu. Alikuwa amekuja mwenyewe, na viatu vyake vyote viwili miguuni, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kanuni inasema mtu akija na mwili wake akae nje kama msikilizaji, kwa sababu mwenye mdomo atawaonea wajumbe wengine.

Karani alininong'oneza kwamba hata kiatu chake kisingemsaidia. Yeye analala na kuuza nyumba hiyohiyo. Anachoma mikate ya mofa chumba cha chini na kuiuza dirishani. Fomu ya mtaa ina visanduku viwili tu, cha kulala na cha kuuza, na yeye alipoulizwa akasema vyote. Wakimweka kwa viatu, makufuli yanalalamika. Wakimweka kwa makufuli, viatu vinalalamika.

"Nimemwandika kwa penseli," Karani akasema, "ili asijione ametengwa."

Nilimfuata Bi Mwantumu hadi kwake, kwa sababu alininyooshea kidole na kusema kwamba mzee aliyecheka kwenye kikao lazima atakuwa na njaa. Nyumba yake ni ya mwisho kule chini. Maji yalikuwa yameshaingia chumba cha mikate, yametulia sakafuni kama kioo, na katikati yake, kama kisiwa, ilisimama tanuri ya udongo. Mdomo wake ulikuwa wazi, ndani mna moto mwekundu, na yeye akazama hadi magotini kwenda kuitazama. Akachovya mwiko, akaupima kwa vidole kutoka kwenye maji hadi kwenye mdomo wa tanuri.

Vidole vinne.

Msimu wa ukungu, akaniambia, maji hupanda kidole kimoja kwa siku. Tanuri ya mofa ikinywa maji ikiwa ya moto hupasuka, na ikizimwa kwa muda katika unyevu ule hulainika na kurudi kuwa tope. Ilijengwa na mama yake kwa mikono, kwa udongo mwekundu wa mtaroni, chini ya pale lilipo jiwe. Udongo mwingine wote wa Mteremko haustahimili moto; alishaujaribu, una nyufa kama uso wangu.

Nikamwambia basi bado kuna nafasi, kikao kijacho si mbali.

"Siku nne," akasema, "na siku arobaini. Mimi hesabu sikusomea, lakini hiyo hata wewe babu unaiweza."

Alinipa mofa ya moto na kikombe cha maziwa. Nikala nikiwa nimekaa kwenye kipandio, miguu majini, samaki wakininyonya vidole. Sikuwahi kula mkate mtamu namna ile, na ninaandika hivyo mbele ya mke wangu. Nikafikiri juu ya nchi itakayoupoteza mkate kama huu kwa sababu viatu vinatafakari, nikasikia hasira, jambo la aibu kwa mgeni.

Nikauliza swali la kijinga, ambalo kwa umri wangu ndiyo aina ninayoiweza vizuri. Kwani hawa watu hawakutani kabisa?

Bi Mwantumu akaweka mwiko chini. Akasema wanakutana kila siku anayoileta Mungu. Jua likiinama, kila Mlalaji anasimama mbele ya Muuzaji, uso kwa uso, kaunta katikati. Unafikiri sukari wanapewa na nani? Lakini kuzungumza mambo ya mtaa nje ya kikao ni kosa linaloitwa wizi wa ajenda. Adhabu yake ni kunyimwa vikao miaka saba, na watu wanaiogopa kuliko jela, ingawa hakuna aliyewahi kukaa kikao. Kwa hiyo pale kaunta huulizana bei, hali ya hewa na afya za mashangazi, basi.

Kisha akanionyesha karatasi aliyofungia mkate wangu. Ilikuwa ukurasa wa sheria ya mtaa. Nakala za zamani alizipewa bure kwa kufungia, naye huzisoma mikate ikiiva. Akaweka kidole chenye masizi juu ya mstari. Kikao, kwa sheria, ni mambo matatu: pande mbili kutazamana, jambo kutajwa, na karani kuandika. Viti havikutajwa. Ukumbi haukutajwa. Saa haikutajwa.

"Nikilitaja mimi ni wizi," akasema. "Akilitaja yeyote wa hapa ni wizi. Lakini wewe huna mtaa. Ajenda yetu, kwako wewe ni umbea tu."

Nikamwambia nimestaafu, na umbea ndiyo kazi pekee niliyobakiza.

Taabu ikawa Karani. Bwana Kitwana hanunui vitu ovyo. Huenda duka la Ngurumo kwa ajili ya wino tu, na wino wake humwishia kila baada ya siku kumi. Bi Mwantumu, aliyekuwa akimtazama dirishani kwa miaka, alijua siku ya wino ingekuwa ya nne kutoka siku ile. Siku ya mwisho. Hatukuwa na njia nyingine ila kungoja, na kila jioni mwiko ukachovywa. Vidole vitatu. Viwili. Nilijifunza kuulisha ule moto kuni nyembamba, kwa maana nene zilikuwa zimeloa. Siku ya nne asubuhi kidole chake hakikuingia sawasawa kati ya maji na udongo. Alasiri akauacha moto uwake kidogo tu, wa kuikausha, akajifunga kanga kiunoni, tukapanda.

Duka la Ngurumo ndilo lenye nusu moja ya jiwe mbele yake. Ngurumo mwenyewe jina limemzidi: ni mtu mkubwa kama kabati, lakini huongea kwa sauti ndogo, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Jua lilikuwa limeinama. Walalao walikuwa wanaanza kujaa na vikapu vyao. Mbele kabisa alikuwa Mwalimu Sikudhani, mwenye ile nyumba yenye nusu nyingine ya jiwe mbele yake, mama mkavu mwenye miwani, anayefundisha mtaa wa mbali. Anaishi hatua sita kutoka kaunta ile, na alikuwa akiuliza habari za shangazi yake Ngurumo. Karani alikuwa pembeni, akiikagua chupa ya wino kwenye mwanga.

Nikaegemea kaunta. Nikaomba kipande cha sabuni. Nikakinusa. Halafu nikasema, kama mtu anayeongea na sabuni, "Hivi lile jiwe pale nje, hasa ni la nani?"

Sukari iliyokuwa ikimiminwa kwenye mizani ikasimama hewani. Nakwambia ikasimama, nilihesabu chembe. Mtu mmoja akaziba masikio ya mwenzake. Na katika kimya kile ikasikika sauti moja tu, kalamu ya Karani ikikwaruza. Hakuwa ametaka. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda miaka kumi na tisa.

Bi Mwantumu, mlangoni, akasema, "Karani, tusomee ulichoandika."

Karani akatazama daftari kama aliyekuta barua mfukoni mwake. Akasoma kwamba mgeni ametaka kujua jiwe ni la nani.

"Mbele ya nani?"

Bwana Kitwana akainua macho, na hapo nikaona kitu cha ajabu: hakuwajua. Nyuso zile zote, hata ya anayemuuzia wino, zilikuwa ngeni kwake. Akababaika kidogo, kisha akainamisha kichwa akatazama sakafuni, na uso wake ukachangamka.

"Ngozi nyeusi yenye kiraka," akasema. "Mwalimu Sikudhani, mwaka wa kwanza hadi leo, hajakosa." Mwalimu akauvuta mguu nyuma ya gauni. "Raba ya kamba nyekundu. Ndara ya bluu." Akaendelea, mguu kwa mguu, akiwaamkia kama ndugu waliopotezana, hadi akafika kwenye kufuli la shaba lililoning'inia mlangoni, akamgeukia Ngurumo akampa mkono.

Ngurumo akasema, kwa sauti yake ya barua, kwamba yeye hapa yuko kazini, hawezi kukaa kikao. Mwalimu Sikudhani, papo hapo, akasema yeye ndiyo kwanza ametoka kazini, hawezi kukaa kikao. Walisema pamoja, maneno yakagongana juu ya mizani. Ni maneno waliyoyaandika kila mwaka kwenye fomu, kila mtu fomu yake, na hakuna aliyewahi kuyasikia ya mwenzake.

Wakatazamana.

"Na wewe pia?" Mwalimu akauliza.

"Kila mwaka. Sisi tulijua nyie mnaringa tu, mna nyumba."

"Sisi tulijua mnayapenda maji. Si ndiyo nyie mnaotuuzia vipandio?"

"Mwalimu, mgongo wangu huu umekwisha kwa kubeba hivyo vipandio vyenu."

"Hakuna aliyewaambia mkae," Bi Mwantumu akasema. "Simameni hivyohivyo mlivyo."

Karani akahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu. Akasema kwa masikitiko kwamba Walalao wanatosha, lakini upande wa pili yupo mmoja, na sheria inataka Wauzao saba. Nikaona mabega yanashuka, na mtu mmoja akaanza kuufuata mlango. Ndipo Bi Mwantumu akamuuliza Mwalimu amebakiza kununua nini. Mwalimu akachungulia kikapu: mafuta ya taa, nyanya, uzi mweupe. Raba ya kamba nyekundu alikuwa na dawa ya kuchukua. Ndara ya bluu alikuwa anakwenda kunyolewa.

"Basi twendeni mkanunue," Bi Mwantumu akasema. "Karani atafuata."

Ninaapa kwa koti langu, nimeona mikutano mingi, lakini ule uliokwenda dukani ni mmoja. Tulikwenda kwa muuza mafuta, Karani akauliza kama jiwe liinuliwe, akajibiwa huku mafuta yakipimwa. Tukaenda kwenye nyanya. Mwenye nyanya akataka kujua kama anaruhusiwa kukubali bila kusimamisha kuuza, akaambiwa aendelee kuuza. Kwa kinyozi swali liliulizwa nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, na majibu mawili yakatoka mara moja, la juu ya kiti na la nyuma yake. Kila mlango tuliotoka, waliokuwemo walitufuata. Fundi cherehani, wa saba, alikubali akiwa na pini mdomoni, na Karani akaandika kwamba amekubali kwa sauti ya pini.

Tukarudi kwenye jiwe. Mtaa mzima ulikuwa umesimama pale, na Karani akauliza swali la mwisho kwa sheria: jiwe liinuliwe lini?

Hapo, ndugu yangu, mazoea yakarudi. Mmoja akasema baada ya msimu. Mwingine akasema siku ya mapumziko, mwingine akamkumbusha kuwa Wauzao hawapo siku hiyo. Mtu akapendekeza pachaguliwe watu wachache wa kutafuta siku. Vichwa vikaanza kukubali, kwa upole ule wa Mtondogoo unaolaza hata hasira. Mimi mwenyewe nilihisi usingizi.

Bi Mwantumu alikuwa amegeuza uso kuelekea chini, akinusa. Hewa ilileta harufu ya udongo wa moto uliolowa. Na kwa kuwa kule sauti huchelewa, mlio wa tanuri ikichemka ulitufikia baadaye kidogo, mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

"Inakunywa," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kwake mwenyewe. "Tanuri ya mama inakunywa."

Ngurumo akavua koti lake la dukani.

"Sasa," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini alipewa lile jina.

Karani aliinua kalamu, ikakwama. Akauliza, kwa aibu, sasa ni tarehe ngapi, maana hajawahi kuiandika. Mwalimu Sikudhani akamchukulia kalamu, akamwandikia kwa hati kubwa ya ubaoni, akamrudishia.

Wauzao wakashika nusu yao, Walalao nusu yao. Mara ya kwanza kila upande ulingoja mwenzake aanze, jiwe halikutikisika. Mara ya pili walianza wote, lakini kila upande uliinua nusu yake tu, likataka kuvunjika. Bi Mwantumu akaingia katikati, mguu mmoja huku na mwingine kule, akahesabu. Moja. Mbili. Jiwe likainuka kama mtu anayetoka kitandani bila kupenda, likaegemea ukuta.

Maji yakasita. Kisha yakageuka, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha kitu nyumbani, yakaanza kuingia mtaroni bila kelele. Yungiyungi zikashushwa taratibu mpaka chini, zikalala barabarani. Samaki wakateremka vipandio kimoja kimoja, wakaaga.

Bi Mwantumu hakungoja kuona. Alishakimbia, na mimi nikamfuata kwa mwendo wangu. Nilipofika sakafu ilikuwa tope, na Bi Mwantumu amepiga magoti mbele ya tanuri, mkono wake ndani hadi begani. Mdomo wa tanuri ulikuwa umelowa. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umepanda kutoka hapo hadi nusu ya tumbo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa, kama daktari.

"Bado ina joto," akasema. Kisha akainuka, akachukua karai, akapanda tena mtaroni kuchota udongo mwekundu, miaka kumi na tisa tangu mtu auguse.

Kutwa nzima ya kesho yake ufa ulikaa chini ya ule udongo mbichi, ukikauka. Mtaa nao haukukaa bure. Nilisikia kwamba fomu mpya imeshaandikwa, kwamba Mpatanishi wa Saa ameitwa tena apime urefu wa kikao kinachotembea, na kwamba baadhi ya Walalao, kwa kuwa kwenda dukani kunachosha, wamependekeza wasioweza kufika watume vikapu. Kikapu kina mikono miwili, walisema, kinaweza hata kupiga kura.

Jua lilipoinama Bi Mwantumu akawasha kuni. Hakuna aliyejua kama tanuri ingestahimili. Alisema ikipasuka itapasuka na mkate wa kwanza. Tulikuwa watatu tu chumbani, yeye, mimi, na Karani, ambaye alikuwa amekuja na kalamu mkononi kwa sababu ilikuwa lazima, kwa sheria, kabla siku haijaisha, kutangaza saa ya kikao kijacho. Jambo la mbuzi lilikuwa linangoja.

"Saa ngapi, Bi Mwantumu?"

Alikuwa anakanda donge la unga kati ya viganja. "Mkate ukiiva."

Karani akaandika. Akafikiri. "Na usipoiva?"

Bi Mwantumu akalowesha kiganja, akaingiza mkono, akaubandika mkate kwenye ukuta wa tanuri, palepale juu ya ufa. Tukatega masikio wote watatu. Moto ulitafuna kuni. Udongo ulitoa mlio mmoja mdogo, Karani akafumba macho, na halafu hapakuwa na mlio mwingine.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Ikapita dirishani, ikaanza kupanda mteremko polepole, kama kila kitu cha nchi ile, mlango kwa mlango, duka kwa duka. Nikasimama dirishani kuitazama inavyokwenda. Mlango ukafunguka. Pazia la duka likasogezwa. Na nikawaona wanaanza kuteremka, wenye kulala na wenye kuuza, bila kuitwa na mtu.